Kuitafuta bahari Osaka: wiki moja na hekalu la mabaharia

Siku ya 1, Jumamosi

Haya jamani, nimeamua kuandika kila siku kabla sijalala maana najijua, nikirudi nyumbani nitaulizwa Japani kukoje halafu nibaki nasema kuzuri tu. Nipo Osaka kwenye kozi ya mambo ya bandari, wiki tano, hii inayoanza ni ya tatu. Kazi yangu Dar ni kutoa mizigo bandarini, magari hasa, kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nasoma neno Osaka kwenye makaratasi ya IST na Noah za watu na sasa ndo nipo huku zinakotoka. Ila kuna kitu kinanikera. Wiki mbili nipo kwenye mji wa bandari, nasoma bandari, na bahari sijaiona hata kwa mbali. Naona mabarabara ya juu kwa juu na maghorofa basi. Bandarini tutapelekwa wiki ya mwisho, mi siwezi kusubiri hivyo, mjukuu wa nahodha wa Pangani nimelala usiku kumi na nne bila kusikia wimbi.

Sasa jana mama anayetupikia hapa hosteli akanionesha picha ya daraja jekundu lililopinda kama mgongo wa paka, akasema kwa apu ya kutafsiri ni Sumiyoshi Taisha, hekalu la Kishinto, "la miungu ya safari za baharini". Nikasema hapo hapo patakuwa na bahari. Nikamwambia Kilindini. Kilindini ni kaka mmoja wa Mombasa tunasoma naye, jina lake analo lakini kwa kuwa kila sentensi yake ina Kilindini, bandari ya kwao, ndani yake basi tumemwita hivyo. Akaniambia, "Dadangu, mimi nitakufuata lakini siendi kuabudu." Nikamwambia nani kakwambia twaenda kuabudu, twaenda kutazama.

Tumepanda tramu pale Tennoji. Tramu kweli, ile ya reli katikati ya barabara, ndo pekee iliyobaki Osaka, na kampuni yenyewe bado inayo mabehewa ya mwaka 1928 yanayotembea. La kwetu halikuwa la 1928 lakini lilikuwa linalia kila kona kama mlango wa ghala. Unapanda bure, unalipa wakati wa kushuka, unadumbukiza sarafu kwenye kisanduku kando ya dereva. Mimi nikatoa noti ya yeni elfu moja, dereva akaniinamia, akanionesha sehemu ya kuchenji noti, nikachenji, sarafu zikamwagika, foleni nyuma yangu wote kimya hakuna hata aliyesonya. Kimya kile kinatia aibu kuliko matusi ya konda.

Kituo kiko mbele ya geti kabisa, ukishuka hatua chache uko kwenye hekalu. Tatizo tumefika saa kumi na moja na robo jioni, milango ya ndani inafungwa saa kumi na moja, na mwezi huu wa kumi na moja jua linazama mapema. Tumeona daraja limewashiwa taa, tumeona giza la miti, basi. Nikamuuliza Kilindini unasikia bahari? Akasema anasikia tramu.

Siku ya 2, Jumapili

Leo tumeamka mapema. Hapa nitaandika sana, mnivumilie.

Kwanza kwenye lile geti la jiwe, torii, watu wanasimama kidogo, wanainamisha kichwa, ndo wanapita. Hakuna aliyenifafanulia lakini nimeelewa papo hapo, ile ni hodi. Huwezi kuingia nyumba ya mtu kimya kimya kama mwizi. Nikainamisha kichwa na mimi, Kilindini akanitazama, nikamwambia nimepiga hodi tu, tulia.

Halafu lile daraja. Wanaliita Sorihashi, urefu mita 20 hivi, katikati limeinuka mita 3.6, na sehemu kali kabisa inafika digrii 48. Ukisoma namba unaona kawaida, ukisimama chini yake unaona ukuta. Kuna vingazi vya kukanyagia, unapanda umeinama kama unapanda mnazi, na hiyo kupanda ndo rahisi, maana ukipanda unaona ngazi lakini ukishuka unaona hewa. Mbele yangu kulikuwa na mama amevaa kimono na ndala zao zile za kuteleza, kamshika mtoto mkono huu, mkono mwingine simu, anashuka kama yuko sebuleni kwake. Mimi nimeshuka nimekumbatia ukingo. Wanaamini ukivuka pale unatakasika kabla hujafika mbele ya miungu, na mimi nasema kama jasho linatakasa basi nimetakasika.

Chini ya daraja kuna maji, bwawa limetulia na kobe wamepanga foleni juu ya jiwe wanaota jua. Nikasimama pale. Kumbe zamani maji yale yalikuwa sehemu ya ghuba, mawimbi yalikuwa yanafika hapa hapa! Yaani bwawa hili la kobe ndo mabaki ya bahari niliyoifuata. Nimejisikia kama mtu aliyekwenda kumtembelea bibi akakuta picha tu ukutani.

Ukivuka unakuta pa kunawia. Sanamu ya sungura anatema maji mdomoni, unachota kwa kata, unaosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, unasukutua mdomo kwa maji ya kiganjani, unaosha tena kushoto, mwisho unaisimamisha kata maji yateremke kwenye mpini kwa ajili ya anayekuja nyuma yako. Kilindini akaguna, "Huu si udhu huu?" Si udhu, lakini mtu anayetawadha mara tano kwa siku hawezi kuona jambo lile geni. Na kwa nini sungura? Kwa sababu wanasimulia kwamba hekalu lilianzishwa mwaka 211, mwaka wa sungura, mwezi wa sungura, siku ya sungura. Sungura wa hadithi za kwetu angeshamuuzia mtu yale maji.

Anayesemwa kulianzisha ni malkia Jingu, aliyekuwa akirudi salama kutoka safari ya vita ng'ambo ya bahari, Korea. Hiyo ni simulizi yao ya kale, mwaka 2011 walisherehekea miaka 1,800. Na miungu wenyewe ni watatu, mapacha watatu naweza kusema, na hapa ndo nimependa. Mungu wao mmoja wa zamani, Izanagi, alikwenda kuzimu kumfuata mkewe, akarudi amechafuka na uozo wa kule, akaingia majini kuoga. Alipooga kule chini kabisa akazaliwa Sokotsutsu, alipooga katikati ya maji akazaliwa Nakatsutsu, alipooga juu usoni pa maji akazaliwa Uwatsutsu. Chini, kati, juu. Basi kila mmoja ana jengo lake, na la nne ni la Jingu mwenyewe.

Sasa sikilizeni yalivyopangwa. Kwenye mahekalu mengi majengo yangekaa ubavu kwa ubavu, hapa matatu yamefuatana mkia kwa kichwa, moja nyuma ya lingine, na la nne limekaa pembeni ya lile la mbele. Wenyewe husema ni kama merikebu zinazosafiri baharini, na yote yanatazama magharibi, kwenye bahari. Mimi nimeona kingine. Ukiingia, la kwanza kukutana nalo upande wako ni jengo la tatu, la yule wa usoni pa maji. Ukienda mbele unafika kwa yule wa kati. Ukienda mwisho kabisa ndo unamkuta wa chini. Yaani unatembea nchi kavu lakini unazama! Nimekwenda na kurudi mara tatu nikihesabu, juu, kati, chini, chini, kati, juu, kama mzamiaji wa majongoo, mlinzi akaanza kunitazama.

Majengo yale ya sasa ni ya mwaka 1810, yamewekwa kwenye hazina za taifa. Ukiwa umezoea picha za mapaa ya Kijapani yaliyojikunja kwenye pembe utashangaa, maana haya hayana mkunjo hata kidogo, paa limenyooka kama chano kilichofunikwa, limeezekwa kwa magome ya mti yaliyopangwa tabaka kwa tabaka hadi yamekuwa manene kama godoro, nguzo nyekundu, kuta nyeupe. Ni mtindo wa kabla hawajaanza kuiga sana ujenzi wa Uchina. Hata torii ya pale mbele nguzo zake zina pembe nne, kwingine ni za mviringo. Babu angependa. Alikuwa hapendi mapambo kwenye jahazi, alisema urembo hauvuki Pemba.

Na hakuna kiingilio, nilikuwa nimeshika pesa mkononi mpaka zimelowa jasho.

Leo kulikuwa na watoto wengi mno. Mwezi huu wana desturi ya kuwaleta wenye miaka 3, 5 na 7, wamevalishwa kimono za rangi, wasichana na maua kichwani, kila mmoja kashika mfuko mrefu wa pipi ndefu nyeupe na nyekundu maana urefu wa pipi ndo urefu wa umri wanaomwombea. Ilikuwa kama Idi pili ufukweni Raskazone, nguo mpya, mtoto mmoja analia viatu vinabana, baba anapiga picha, bibi anamrekebisha mkanda. Watu wazima wanasogea mbele, wanatupa sarafu, wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili, wanakaa kimya, wanainama mara moja. Wengi wanatupa ya yeni tano kwa sababu yeni tano kwao inatamkwa go-en, sawa na neno la fungamano, ile ya kukutana na mtu uliyeandikiwa. Sisi tumesimama pembeni mikono nyuma. Hakuna aliyetukazia macho.

Siku ya 3 na ya 4, Jumatatu na Jumanne

Mvua. Darasa. Makasha, makasha, makasha.

Ila nimepata jibu la swali langu la bahari imekwenda wapi. Nimemuuliza mwalimu wetu, mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini hapa maisha yake yote, akafurahi kweli, akachora ubaoni. Mwaka 1704 walihamisha mto. Mto Yamato zamani ulikuwa unapita upande mwingine na kufurika mashamba ya watu, wakauchimbia njia mpya ukamwagike baharini kusini ya Sumiyoshi, basi ukaanza kuleta mchanga na tope, ufuko ukajaa, watu wakafanya mashamba, bahari ikasogea. Halafu karne iliyopita ikaja bandari ya kisasa, wakajaza visiwa vizima kwa mkono. Kwa hiyo bahari haikwenda popote, ilisukumwa. Na hekalu likabaki pale pale likitazama magharibi.

Jambo jingine la magharibi. Nyumbani Tanga kibla ni kaskazini, nimezaliwa nayo, hata ukinizungusha gizani nitaijua. Huku nikitandaza mswala natazama magharibi, kaskazini kidogo. Wiki ya kwanza mwili ulikuwa unagoma, kila nikisimama nahisi nimekosea. Leo nimesimama nikawaza na yale majengo manne yametazama huku huku. Nikaomba msamaha nikaanza upya.

Siku ya 5, Jumatano

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Kilindini kakataa, kasema paka wa Mombasa wanamtosha.

Ni hivi, leo ni siku ya kwanza ya joka kwa mwezi huu. Kalenda yao ya zamani siku zinazunguka kwa wanyama kumi na wawili, na siku ya kwanza ya joka ya kila mwezi wafanyabiashara wanakuja Sumiyoshi, kwa sababu kwa Kijapani "joka la kwanza" linasikika kama neno la maendeleo. Wanaanzia majengo makubwa wanazungukia vijihekalu vidogo kadhaa humo humo ndani, na wengi wanakuja kuchukua paka. Paka wa udongo, mdogo wa kukaa kiganjani, amevaa vazi rasmi, kainua mkono anaita. Mwezi witiri anainua mkono wa kushoto, anaita watu, mwezi shufwa anainua wa kulia, anaita pesa. Huu ni wa kumi na moja kwa hiyo leo wa kushoto. Na anaita kiganja kikiwa chini, kama sisi tunavyoita! Nilishawahi kumwona mzungu anaita kiganja juu kama anachezea mtoto mchanga, nikajua Wajapani na sisi hapo tupo pamoja.

Nilisimama nyuma ya bibi mmoja mfupi, mkoba wa magurudumu, kofia ya sufi. Akaniuliza kwa ishara natoka wapi, nikamwonesha Afrika kwenye simu, akapiga kelele ndogo ya furaha, akaniandikia kwenye apu yangu kwamba yeye ana kiduka cha vifungo na nyuzi na huyu wa leo ni paka wake wa arobaini na mmoja. Maana unakusanya mmoja kila mwezi, ukifikisha 48 unawarudisha unapewa mkubwa zaidi, na 48 nayo ukiitamka ni sawa na kusema maendeleo yasiyokatika. Miaka minne! Nikamuuliza je ukikosa mwezi? Akanitazama kama nimemuuliza je ukisahau kula. Kwa apu akaandika, "Nilikuja na homa, nilikuja na kimbunga." Mimi ninao wateja hawawezi kuja kulipia gari lao mwezi mmoja mfululizo.

Sehemu wanayochukulia paka ina mkafuri mkubwa ajabu, umri wake unapita miaka elfu, na kihekalu kimejibana na shina lake. Nikasogeza pua karibu na gome. Kwetu harufu ile unaijua kwa msiba, kafuri ya kukafini, nikarudi nyuma hatua moja bila kutaka. Bibi wa vifungo yeye anaupapasa kama mgongo wa ng'ombe.

Na kwa kuwa jua lilikuwa linatoka nikaziangalia vizuri taa za mawe, zile Jumapili nilizipita tu. Zipo zaidi ya 600, nyingine fupi kama mtoto, nyingine lazima uinue shingo kama unatazama mnara. Nikaanza kuelekeza kamera ya simu kwenye maandishi apu inasoma. Nyingi hazikutolewa na wafalme, zimetolewa na watu wa biashara. Wauza nili, wauza vitu vya kuchezea watoto, na mawakala wa meli! Mawakala wa meli jamani, watu wa kazi yangu, karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa, Osaka ilipokuwa inaitwa jiko la nchi kwa sababu mchele na kila kitu kilipita hapa kwa vyombo vya baharini. Wamekusanya mchango wakachongesha taa wakaandika jina la chama chao, na ilikuwa pia tangazo maana kila anayekuja kuomba safari njema analisoma. Nimejipiga picha na taa ya mawakala wa meli nikaiweka kwenye grupu la ofisi. Bosi kajibu, "Na sisi tuchangie taa ya pale getini kwetu maana giza." Sijui anatania.

Na kumbe kuanzia karne ya saba hadi ya tisa, wajumbe waliokuwa wanatumwa Uchina walikuwa wanaombewa hapa ndo waende wakapande vyombo, safari ya kufa na kupona ile, merikebu nyingi hazikurudi. Makuhani wa hapa walirithishana kazi ndani ya ukoo mmoja, Tsumori, na jina lenyewe maana yake ni mlinzi wa bandari. Babu naye kabla ya kung'oa nanga alikuwa anasomewa Yasini, na mama yangu ananiambia kulikuwa na ubani na mambo mengine ambayo masheikh hawakuambiwa. Baharia ni baharia.

Nimechelewa darasani dakika nne. Wamenitazama kama nimechelewa siku nne.

Siku ya 6, Alhamisi. Na Ijumaa pia

Hakuna kitu. Usiku tumekula takoyaki, vile vitumbua vya pweza. Eti kipande kimoja cha pweza kimefichwa ndani ya kitumbua kama siri, mimi nimezoea pweza wa kutafuna na pilipili na supu yake kwenye kikombe. Kilindini alimuuliza muuzaji sosi ina nini, hawakuelewana, tukala bila sosi, moto ukatuunguza ulimi wote wawili na tukanyamaza njia nzima.

Siku ya 8, Jumamosi

Leo nimeamua tunakwenda mpaka bahari ionekane. Nimemwambia Kilindini tunaanzia hekaluni, tunafuata jengo linakotazama, magharibi tu, mpaka miguu iishe au maji yaanze.

Kabla ya kutoka tukapita kwenye ile sehemu ya mawe ambayo siku zile nyingine ilikuwa na foleni. Ni kieneo kimezungushiwa ua, ndani kokoto tupu, na baadhi ya kokoto zimeandikwa kwa wino. Unapitisha mkono katikati ya vijiti vya ua unatafuta tatu, moja yenye herufi ya tano, moja ya kubwa, moja ya nguvu. Ukizipata zote unaziweka kwenye kimfuko zinakuwa hirizi yako, nguvu tano kubwa, ya mwili, akili, mali, bahati na umri, na ombi likijibiwa unatafuta kokoto nyingine unaziandika mwenyewe unazirudisha mara mbili. Sisi hatutaki hirizi lakini kutafuta ni kutafuta, watu wa pwani tumekua tunaokota kombe. Nimepata "kubwa" tatu. Tatu! "Nguvu" hakuna. Kijana mmoja pembeni yangu alikuwa na "nguvu" mbili, tukatazamana, sheria sijui inasemaje, kila mtu akaendelea kuchakura. Mwisho nimezirudisha zote kubwa zangu.

Kuna na bakuli kubwa la kuingia ukapiga picha, la Issun-boshi, mtoto wa kwenye hadithi yao aliyezaliwa baada ya wazazi wazee kuja kuomba hapa, akawa wa urefu wa sentimita tatu, akasafiri mtoni hadi Kyoto kwa chombo cha bakuli, kasia kijiti cha kulia chakula, upanga sindano. Kilindini mwenye kilo zake zile akaingia ndani ya bakuli, watoto wakacheka, akasema ndicho chombo cha kwanza alichopanda hakihitaji rubani.

Basi tukatoka. Ukivuka reli ya tramu na kupita chini ya reli ya treni unaingia bustani, Sumiyoshi Koen, iliyofunguliwa 1873, zamani ilikuwa eneo la hekalu. Katikati ina njia iliyonyooka, na misonobari, na jina la njia lina neno la maji ya bahari ndani yake, kwa sababu ilikuwa ndo njia ya kutoka hekaluni kwenda ufukoni. Wazee wanacheza, watu wanatembeza mbwa waliovaa makoti. Mwezi wa saba kila mwaka, kabla ya sikukuu yao kubwa, wanakwenda kwa mashua kuchota maji ya bahari kule kina kirefu wanayaleta hapa kuoshea lile jeneza la fahari, mikoshi, ambalo mungu anabebwa ndani yake mabegani mwa watu. Nimesema jeneza, samahani, ni kama machela ya kifalme, sina neno. Yaani kwa kuwa bahari haiji tena wanaifuata wanaileta kwa pipa. Kilindini alisimama kidogo nilipomweleza hilo.

Ukimaliza bustani unakuta mnara, Takatoro, mnara wa taa, juu wa mbao chini wa mawe. Wa kwanza ulikuwepo tangu karne ya kumi na tatu au ya kumi na nne hivi, wanasema ni kati ya minara ya taa ya kale kabisa Japani. Kimbunga cha 1950 kikauharibu, barabara ikala msingi wake, na 1974 wakaujenga upya mita 200 upande wa mashariki. Sasa mbele yake inapita barabara kuu ya 26. Mnara wa kuongozea majahazi unaongoza malori. Pale kwenye taa nyekundu ikapita Hiace nyeupe ina maandishi ubavuni, nikamwambia Kilindini hiyo miaka kumi ijayo iko Mbagala na maandishi hayo hayo. Akasema, "Ikishushwa Kilindini kwanza."

Kutoka hapo tumetembea nusu saa hivi, maduka ya matairi, shule, mfereji, hadi Suminoe-koen, na hapo inaanzia ile treni ya matairi isiyo na dereva inayokwenda visiwa vya kujaza. Tukakaa kiti cha mbele kama watoto. Treni ikapanda juu, ikapita maghala, makasha yamepangwa rangi rangi, kreni, kituo cha feri zinazokwenda Kyushu, na mimi moyo unadunda maana harufu imeanza kuingia kila mlango ukifunguka. Tumeshuka mwisho, Cosmosquare, tukatembea dakika chache, na yenyewe hiyo hapo.

Bahari ya kijivu, baridi, imezungushiwa ukuta wa mawe, hakuna mchanga, hakuna mnazi, hakuna mtoto anayeuza mihogo. Nimeshuka kwenye mawe nimechovya vidole nikaonja. Mbele kabisa ilikuwa imetulia meli ya magari, ile ya umbo la kiberiti, sijui inakwenda wapi, nimeitazama kama mtu anayemtambua jirani stendi ya mkoa mwingine. Jua likashuka saa kumi na moja kasoro, jekundu, moja kwa moja mbele yetu. Kilindini akafungua simu atazame kibla, ikaonesha huko huko majini, kulia ya jua lilipozamia. Akatandaza koti lake, mimi nikatandaza kanga niliyobeba begani tangu asubuhi, tukaswali Magharibi pale pale na upepo unapiga, wavuvi wawili wenye mishipi wakasogea pembeni wakatupa nafasi bila kuambiwa.

Baadaye nikampigia mama kwa video. Kule ilikuwa mchana bado, yuko uani anachambua mchele. Nikageuza kamera nikamwambia mama, nimeipata. Akasogeza simu usoni kabisa, akatazama, akatazama, halafu akaniuliza, "Yamejaa au yamekupwa?"

Sikuwa nimeangalia. Nikateremka tena, nikawasha tochi ya simu, mstari wa majimaji kwenye mawe ulikuwa juu ya maji kama pima moja. Nikamwambia yamekupwa.

"Haya tokeni hapo kwenye mawe kabla hayajarudi. Na huyo kijana wa Mombasa mwambie avae koti."